Kutanua Uwazi Kwenye Ukuta Unaobeba: Kisa cha Nyumba ya Matofali ya Kuchoma na Tenki la Maji

Kisa hiki kilitokea katika mji mmoja wa Nyanda za Juu Kusini. Mji wenyewe, mtaa, majina ya wahusika na mwaka nimeviacha kwa makusudi. Vipimo nimeviweka katika tarakimu za karibu, lakini mpangilio wa matukio ni ule ule. Niliitwa nikiwa mhandisi baada ya kazi kuharibika, na nilisimamia mpaka ikamalizika.

Nyumba na ukuta wenyewe

Ni nyumba ya chini, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa matofali ya kuchoma. Ukuta ni wa inchi tisa, msingi wa mawe, kenchi za mbao (fremu zinazobeba paa), paa la bati. Ukizunguka Iringa, Njombe au Mbeya utaziona nyumba za aina hii kila kona, na nyingi zimesimama vizuri kuliko zilizojengwa jana.

Kati ya sebule na chumba cha kulia kulikuwa na ukuta wa urefu wa mita 4.8 na kimo cha mita 2.7. Katikati yake palikuwa na mlango wa sentimita 90, na juu ya mlango linta fupi ya zege, yaani boriti inayobeba ukuta ulio juu ya uwazi, iliyokalia tofali sentimita 15 kila upande. Kutoka kichwa cha mlango hadi mahali kenchi zinapoanzia palibaki sentimita 60 za ukuta. Mkanda wa zege wa kuzunguka nyumba nzima, ule ambao siku hizi kila fundi anaumwaga kabla ya kupaua, haukuwapo.

Mama mwenye nyumba alikuwa na send-off ya binti yake. Alitaka sebule na chumba cha kulia viwe ukumbi mmoja, na uwazi wa mlango utanuliwe kutoka sentimita 90 hadi mita 3.6. Fundi mwashi aliyeletwa ni mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi, na lipu yake ni nzuri kweli. Walipatana bei moja kwa kazi nzima, ya siku tano. Kijana mkubwa wa mama aliuliza kama hakuna hatari, akajibiwa: "Kaka, huu ukuta haubebi kitu. Juu ni bati tu."

Jibu hilo lilimtosha kila mtu, na naelewa kwa nini. Tangu lile jengo la Kariakoo lianguke Novemba 2024, watu wanaogopa ghorofa. Nyumba ya bati hawaiogopi. Kibali cha halmashauri hakikuombwa, kwa hoja kwamba hakuna kinachojengwa, kinabomolewa tu.

Mambo matatu ambayo hayakuonekana

La kwanza lilikuwa darini. Mafundi wa wakati ule, mbao ndefu zikiwa shida, walikuwa wakisimamisha miguu ya kenchi juu ya ukuta wa kati ili kupunguza umbali ambao mbao zinavuka. Ukuta huu ulikuwa umebeba miguu minne ya aina hiyo. Ukisimama sebuleni huioni. Lazima upande juu na tochi.

La pili lilikuwa bafuni. Nyuma ya chumba cha kulia kuna bafu na stoo vilivyoongezwa miaka mingi baadaye, vikaezekwa kwa slabu ya zege yenye unene wa sentimita 10 na upana wa kama mita 2.2 kila upande. Juu ya slabu likawekwa tenki la lita 2,000, kwa sababu maji ya bomba yalikuwa yanatoka mara mbili kwa wiki. Slabu ile iliingizwa nusu tofali ndani ya ukuta wetu. Mwenye nyumba alipoongezewa bafu hakuna aliyemwambia kwamba ukuta wa sebule umepewa kazi mpya.

La tatu lilikuwa ndani ya ukuta. Saruji ilikuwa adimu nchini miaka ile, kwa hiyo wengi walijenga kwa udongo wa kawaida kati ya tofali na tofali, kisha wakapiga lipu ya saruji kwa nje. Kwa macho ni ukuta wa saruji. Nilipochokonoa kiungo kwa bisibisi, ncha iliingia mpaka kwenye mpini bila kusukumwa kwa nguvu, na udongo mwekundu ukamwagika sakafuni kama unga.

Ukuta wa udongo ukiachwa kama ulivyo unadumu miaka na miaka, kwa sababu mzigo unashuka wima na tofali linakaa juu ya tofali. Shida inaanza pale unapoutaka ufanye kazi ya kuvuka hewani. Udongo hauna nguvu ya kushikilia. Tofali likikosa cha kulikalia, linadondoka peke yake na kuvuta la jirani.

Kilichotokea

Siku ya kwanza fremu ya mlango iling'olewa na lipu ikakwanguliwa. Siku ya pili fundi akapiga mstari kwa grinda na kuanza kuvunja upande wa kulia, upande wa bafu, kuanzia chini kwenda juu. Hakuna kilichoegemezwa. Mpango ulikuwa kutanua kwanza, kisha kuingiza linta mpya.

Hapa ndipo palipo kiini cha kisa. Uwazi unaotanuliwa tayari una linta, na linta ile imekalia tofali zile zile unazotaka kuziondoa. Sentimita 15 za kwanza unazovunja pembeni mwa mlango ndizo kiti cha linta. Ukianza kwa kula kiti, kazi ya mwisho umeifanya mwanzo.

Alasiri linta ilishuka upande wa kulia kwa takriban sentimita mbili. Haikuanguka kabisa kwa sababu ilikabwa na lipu ya upande wa pili na tofali chache zilizojibana. Ufa wa ngazi ngazi, unaofuata viungo vya tofali, ukapanda kutoka kona ya kulia hadi juu. Ubao wa dari ukaachia misumari. Binti wa nyumba aliyekuwa bafuni akasukuma mlango atoke, ukakataa. Ilibidi kaka yake auvute kwa nje.

Mlango uliogoma kufunguka ndio uliomfanya kijana apige simu, na namshukuru kwa hilo. Fremu ya mlango ni pembe nne zilizopimwa kwa pima maji siku ilipofungwa. Ukuta ukihama hata kidogo, fremu inabanwa na mlango unasema kabla ya macho kuona. Katika nyumba yoyote inayofanyiwa ukarabati, mlango au dirisha la chumba cha jirani likianza kukwama ghafla, nyundo iwekwe chini.

Nilipofika, saidia fundi walikuwa wamesimamisha mirunda mitatu. Nia ilikuwa njema. Lakini miwili ilikuwa imesukumwa dhidi ya ubao wa dari, ambao haubebi chochote zaidi ya uzito wake, na wa tatu ulikuwa umesimamishwa juu ya kigae kitupu, ukiegemea linta kwa mshazari. Ukiugusa kwa mguu unateleza.

Saa ya kwanza

Watu wote walitoka vyumba vile viwili na bafuni, akiwamo fundi ambaye alitaka arudi kuchukua grinda yake. Kisha nikaomba tenki lifunguliwe.

Mama alisita, na alikuwa na haki ya kusita. Maji yalikuwa yamejaa siku hiyo hiyo na yangerudi baada ya siku tatu. Nikamwambia: "Mama, humo kuna tani mbili. Sina kitu kingine hapa ninachoweza kukiondoa kwa kufungua koki tu." Lita moja ya maji ni kilo moja, lita 2,000 ni uzito wa gari dogo na nusu, juu ya kona iliyokatwa. Majirani waliitwa na ndoo, pipa likajazwa, yaliyobaki yakaelekezwa bustanini. Tenki lilipokwisha, sehemu kubwa ya hatari ya siku ile ilikuwa imeondoka bila mtu kuingia chini ya ukuta.

Baada ya hapo ndipo tuliingia, watu wawili tu, kuegemeza linta kwa propu mbili, yaani nguzo za muda za chuma zenye skrubu, kila moja ikiwa imesimama juu ya ubao mpana wa inchi mbili kwa nane na kichwani ikiwa na kipande cha mbao ngumu. Propu zilikazwa mpaka zikashika, basi. Kuna hamu ya kuizungusha skrubu ili linta irudi ilikotoka. Hamu hiyo ni ya kuikataa. Ukuta wa udongo uliokwisha kujipanga upya hauwezi kusukumwa juu bila kufumuka mahali pengine.

Hesabu ya mzigo

Usiku ule nilikaa na vipimo. Niwape hesabu kwa kifupi, maana ndiyo iliyobadilisha mawazo ya kila mtu mezani, akiwamo fundi.

Ukichukua uwazi wa mita 2.8, ukuta wa sentimita 60 juu yake pamoja na lipu pande zote mbili unafikia karibu kilo 800. Paa na dari, kwa upana ambao miguu ya kenchi ilikuwa inauleta pale, kama kilo 500. Slabu ya bafu yenyewe ina zaidi ya tani moja, ukiongeza tenki lililojaa inavuka tani tatu, na nusu yake inashukia ukuta wetu; sehemu inayoangukia juu ya uwazi ni kama tani moja. Ongeza bimu mpya ya zege, yaani boriti itakayovuka uwazi mpya, kilo 500 na kitu. Jumla inakaribia tani tatu. Mzigo huo haugawanyiki sawa, kwa sababu tenki liko upande mmoja: mwisho wa kulia wa bimu ungepokea karibu tani 1.7, na wa kushoto kama tani 1.2.

"Bati tu" lilikuwa kama moja ya sita ya mzigo wote.

Tani 1.7 si uzito wa kutisha kwa zege. Kwa tofali zilizoshikwa na udongo, zikiwa zimeelemewa kwenye eneo la sentimita 23 kwa 20, ni habari nyingine. Watu wengi wakifikiria kutanua uwazi wanahangaika na bimu: iwe ya chuma au zege, nondo ngapi. Bimu ni swali rahisi, lina jibu kwenye karatasi. Swali gumu ni mahali bimu inapokaa, kwa sababu mzigo uliokuwa umetandazwa kwenye ukuta wa mita tano sasa unakusanywa na kuwekwa juu ya ncha mbili.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kupunguza uwazi kutoka mita 3.6 hadi 2.8. Nguvu inayoikunja bimu inakua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo sentimita 80 zile zingeongeza mkunjo kwa karibu theluthi mbili. Lakini sababu niliyoijali zaidi ni vipande vya ukuta vinavyobaki pembeni. Ukuta wa ndani, mbali na kubeba, unaushikilia ukuta wa nje usiyumbe. Kwa mita 3.6 pangebaki vipande vya sentimita 60 kila upande, vya udongo, vikiwa vimebeba bimu na kushikilia nyumba kwa pamoja. Mama aliridhia baada ya kupanga viti sebuleni na kuona kwamba meza na watu bado vinapita.

Wa pili ulikuwa tenki lisirudi pale tena. Mnara mdogo wa chuma ungejengwa uani, mbali na nyumba. Kijana alipendekeza tenki libaki na tuongeze nondo kwenye bimu. Kwa hesabu ingewezekana. Sikuona sababu ya kuweka tani mbili za maji, zinazojaa na kupungua kila wiki, juu ya nyumba ambayo haikujengwa kwa ajili yake, wakati kuna uwanja mtupu mita chache pembeni.

Wa tatu ndio tulioujadili kwa muda mrefu. Njia ya kawaida ya kazi hii ni kutoboa matundu juu ya uwazi, kupenyeza boriti fupi, kuziegemeza kwa propu pande zote mbili, kisha kuvunja chini yake huku ukuta wa juu ukining'inia. Fundi aliijua njia hiyo na alitaka sasa tuifuate. Nilikataa kwa sababu ya udongo. Kati ya boriti moja na nyingine tofali zinatakiwa zijishike zenyewe, na hizi zisingejishika. Isitoshe, kulikuwa na sentimita 60 tu za ukuta wa kuokoa. Ilikuwa kazi kubwa na ya hatari kuning'iniza kitu ambacho thamani yake ni rundo la tofali.

Tukaamua kinyume: tuegemeze paa na slabu moja kwa moja, kisha ukuta wa juu tuushushe wote kwa mikono, tofali kwa tofali, na mahali pake imwagwe bimu yenye kimo cha sentimita 35 itakayofika hadi chini ya kenchi. Faida ya pembeni ni kwamba uwazi ulipanda hadi mita 2.35, na sebule ikapata mwanga ambao mama hakuutegemea.

Wa nne ulikuwa nguzo mbili za zege, sentimita 23 kwa 23, zenye nondo nne za milimita 12, zikianzia ardhini. Tulichimba shimo dogo kuutazama msingi kabla ya kuamua. Mawe yalikuwa mazuri lakini msingi ulikuwa mwembamba, hivyo kila nguzo ikapewa kitako chake cha sentimita 80 kwa 80. Mashimo yalichimbwa moja baada ya jingine. La pili halikuguswa mpaka zege la kwanza limeshika, ili tusiache ncha zote mbili za ukuta zikiwa wazi kwa wakati mmoja.

Utekelezaji

Propu zilipangwa kwa mistari mitatu: mmoja sebuleni na mwingine chumba cha kulia, kila mmoja ukibeba boriti ya mbao iliyopita chini ya kenchi zenyewe baada ya dari kufunguliwa, na wa tatu ndani ya bafu chini ya slabu. Kila propu ilipigwa alama ya rangi pale skrubu inapoingia kwenye bomba, na nyingine ukutani kwenye usawa ule ule. Fundi aliona ni urembo. Asubuhi moja alama ya propu ya pili sebuleni ilikuwa imeshuka kwa kama sentimita moja chini ya ile ya ukutani. Kumbe jamvi, yaani sakafu ya zege iliyo chini ya vigae, mahali pale lilikuwa na uwazi chini yake, kifusi kilishajikalia miaka mingi, na ubao tuliouweka ulikuwa mfupi. Kigae kilipasuka, jamvi likazama. Tuliongeza ubao wa mita mbili uliounganisha propu tatu, tukakaza upya kwa zamu. Kama si alama za rangi tungeligundua jambo hilo kupitia dari.

Kushusha ukuta kulikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Tofali zilitoka nzima, nyekundu, zikalia kwa sauti kali ukizigonga. Nyingi zilirudi kazini kuziba mapengo pembeni mwa nguzo, safari hii kwa saruji.

Bimu iliwekwa nondo tatu za milimita 12 chini na mbili juu, ringi (vyuma vinavyozunguka nondo) za milimita 8 kila sentimita 15. Zege lilikuwa la saruji moja, mchanga moja na nusu, kokoto tatu, likashindiliwa kwa fimbo ya nondo maana hatukuwa na mashine ya kutikisa. Vipande vya nondo nyembamba viliachwa vimechomoza juu ili vikunjwe kuushika ubao unaobeba kenchi. Bati la nyumba hizi linahitaji kushikwa lisipeperushwe kama linavyohitaji kubebwa, na uzito wa tofali uliokuwa ukilishikilia tulikuwa tumeuondoa.

Sasa jambo dogo ambalo mafundi wengi wanaliruka. Zege likikauka linanywea kidogo. Ukilimwaga mpaka liguse slabu ya juu, baada ya siku chache kuna upenyo mwembamba, na siku unayoondoa propu slabu inashuka kuufuata ule upenyo. Ufa unatokea hapo hapo na lawama inakwenda kwa nondo. Tuliacha nafasi ya sentimita tatu kati ya bimu na slabu. Baada ya wiki tukaijaza kwa mota kavu: saruji moja kwa mchanga mbili, na maji kidogo sana. Ukiikamata mkononi na kuikunja ngumi inashikana, ukifungua kiganja hakijalowa. Inaingizwa kidogo kidogo na kugongwa kwa ubao na nyundo mpaka sauti ya kugonga ibadilike na kuwa ngumu. Inachosha mabega. Lakini baada ya hapo slabu imekalia bimu kweli.

Ilikuwa Juni, na usiku wa Juni kule ni wa blanketi mbili. Baridi inachelewesha zege kupata nguvu. Bimu ilifunikwa magunia yaliyomwagiwa maji kwa wiki nzima, na propu nikasema zikae siku 21. Siku ya kumi mama aliniita pembeni. Send-off ilikuwa Jumamosi ya wiki ile, wageni wameshaalikwa, na katikati ya sebule kuna msitu wa vyuma. Aliomba tuondoe angalau mstari mmoja. Tulikaa naye, mjomba wa binti akiwapo, na mwishowe mjomba ndiye aliyesema, "Dada, tukodi turubai." Sherehe ilifanyika uani. Propu zilikaa siku zake zote.

Matokeo

Propu zililegezwa kwa awamu, zamu moja ya skrubu kwa kila propu, kuanzia katikati ya uwazi kwenda pembeni, kisha tukasubiri siku nzima kabla ya kuziondoa kabisa. Kamba iliyokazwa chini ya bimu haikuonyesha mkunjo unaoonekana kwa jicho.

Kwenye maungio ya nguzo mpya na ukuta wa zamani palitokea nyufa nyembamba za unene wa unywele. Tulizitegemea, kwa sababu saruji mpya na udongo wa zamani havinywei sawa. Tulibandika juu yake vipande vya jipsamu, ambavyo vingepasuka kama ukuta bado unahama, tukaandika tarehe kwa penseli. Baada ya mvua za masika zilizofuata vipande vilikuwa vizima. Ndipo ukapigiliwa wavu wa kuku juu ya maungio na lipu ya mwisho ikapigwa.

Mlango wa bafu haukurudi sawa. Fremu ilibidi ing'olewe na kufungwa upya. Vigae vya sebule vilipasuka vitano na vya kufanana havikupatikana dukani. Gharama yote, pamoja na mnara wa tenki, ilikaribia mara tatu ya bei iliyopatanwa na fundi mwanzoni. Hakuna aliyeumia.

Nini kilifaa, nini kilishindikana

Uamuzi uliofaa kuliko yote ulikuwa wa kutoa maji. Penye hatari ya ukuta, akili ya wengi inakimbilia kuongeza kitu: mrunda, jeki, tofali. Kuondoa mzigo mara nyingi ni haraka zaidi na hakumpeleki mtu chini ya hatari. Kama si tenki, pengine ni magunia ya mahindi darini, au rundo la vigae vilivyopangwa juu ya slabu.

Kushusha ukuta badala ya kuuning'iniza kulifaa kwa sababu ya hali ya nyumba hii. Siwezi kusema kila nyumba ifanyiwe hivyo.

Kilichoshindikana kilianza kabla ya nyundo. "Ukuta unabeba nini?" lilikuwa swali sahihi na liliulizwa, na kijana, bila yeye kuwa na utaalamu. Lilijibiwa kwa kutazama juu tu, bila kupanda darini, bila kwenda upande wa pili wa ukuta, bila kuchokonoa kiungo. Ukaguzi huo wote watu wawili wanaumaliza kabla ya chakula cha mchana, kwa ngazi, tochi na bisibisi. Kibali cha halmashauri kingesaidia hapo, kwa sababu kingedai mchoro, na mchoro ungemlazimisha mtu apime. Kazi inayogusa ukuta unaobeba inahitaji kibali hata kama nyumba haiongezeki hata tofali moja, na inahitaji mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi atie saini yake.

Namna ya malipo nayo ilichangia. Kazi ya kupatana kwa bei moja inampa fundi sababu ya kukimbia. Kuegemeza hakuonekani kwenye nyumba iliyokamilika, hakuna mteja anayekusifia propu, kwa hiyo ndicho kitu cha kwanza kukatwa. Katika mapatano mapya tuliyoyaandika, kuegemeza kulikuwa na bei yake peke yake, na kulilipwa kabla ya tofali la kwanza kutolewa. Fundi alibaki kazini, na kazi ya mota kavu aliifanya kwa ustadi ambao sijauona kwa wengi.

Familia kuendelea kulala ndani ya nyumba siku zile mbili za kwanza lilikuwa kosa ambalo halikuhitaji utaalamu kuliepuka. Tundu la kwanza kwenye ukuta unaobeba likitobolewa, vyumba vya pande zote mbili vinafungwa mpaka mzigo umekaa kwenye kitu kingine.

Ukuta ungekuwa wa saruji na mrefu juu

Msomaji mwenye nyumba ya aina nyingine atauliza afanye nini. Tofali zikiwa zimejengwa kwa saruji nzuri, na juu ya uwazi kukiwa na ukuta mrefu, sehemu kubwa ya mzigo inajitengenezea njia ya upinde na kushuka pembeni. Kinachoikalia bimu ni pembetatu ya tofali tu. Kwa uwazi wa mita 2.8 pembetatu hiyo inahitaji kimo cha karibu mita 2.4 juu ya bimu, na ukuta imara kila upande wa kuupokea msukumo wake. Sisi tulikuwa na sentimita 60 na udongo, kwa hiyo hatukuhesabu upinde wowote.

Kwenye ukuta kama huo wa saruji boriti za kupenyeza zinafaa. Zisiachane zaidi ya mita moja, kila moja iwe na propu pande zote mbili, na matundu yatobolewe moja moja kwa tindo. Grinda inatumika kukata lipu tu. Kama bimu ni ya chuma, njia ninayoipenda ni vyuma viwili vya umbo la C vinavyoingizwa kwa nyakati tofauti: unachimba mfereji nusu ya unene wa ukuta upande mmoja, unaingiza chuma cha kwanza kikalie kitako cha zege, unajaza mota kavu juu yake na kuiacha ikomae, ndipo unahamia upande wa pili. Vyuma viwili vinafungwa pamoja kwa bolti zinazopita ukutani. Tofali za chini, pamoja na kiti cha linta ya zamani, zinaguswa baada ya bolti ya mwisho kukazwa.